Kitabu Kisichokuwapo

Profesa Hervé hakumwambia Emérence aketi. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi kwanza, maana katika miaka kumi na mmoja aliyofundisha kwenye taasisi ile ya Ibanda, mkuu huyo wa idara hakuwahi kumwacha mwalimu mwenzake amesimama mbele ya meza yake. Siku hiyo yeye mwenyewe alikuwa wima dirishani, karatasi moja mkononi.

"Maman Emérence, yule Fikiri wa Bunyakiri iko mwanafunzi wako?"

"Iko wangu, Professeur. Mimi njo naongoza mémoire yake."

"Basi soma."

Karatasi ilitoka kwa msomaji wa pili wa kazi ile ya kuhitimu. Msomaji huyo alikuwa ameitia kazi nzima ya Fikiri ndani ya programu inayodai kutambua maandishi yaliyotungwa na akili bandia, nayo programu ikatoa hukumu yake kwa tarakimu nyekundu: asilimia tisini na moja.

"Sitaki hadithi ndefu," alisema Profesa Hervé. "Mpaka Ijumaa ya juma lijalo uniambie neno moja. Kazi iko yake ao haiko yake. Kama haiko yake, hatasimama mbele ya jopo kuitetea."

Emérence alitoka ameikunja ile karatasi mara nne, kana kwamba ikiwa ndogo haitakuwa nzito.

Watu wa Muhumba walimjua Emérence Nabintu kama mwanamke wa mambo yaliyonyooka. Alikuwa na miaka arobaini na saba, akiishi na mama yake mzee na mpwa wake Fanny, na kila asubuhi alikwenda kazini kwa miguu, kwa sababu alisema gari humsahaulisha alichopanga kusema darasani. Alifundisha mbinu za utafiti: namna ya kuuliza swali, namna ya kusikiliza jibu, namna ya kutaja kitabu ulikochukua maneno ya mtu. Wanafunzi walimwogopa kidogo na kumheshimu sana. Kwake kosa lilikuwa kosa, na aliyekosa alijulikana.

Na Fikiri alikuwa mmoja wa wale aliowaamini. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Alifundisha shule ya msingi miaka sita kabla ya kuja mjini kusoma. Hakukosa kipindi, aliketi mbele, aliandika polepole. Kifaransa chake kilikuwa na mashimo kama barabara ya kwenda Hombo baada ya mvua. Hapo ndipo palipokuwa na neno, kwa maana mémoire yake ilikuwa ya Kifaransa laini, kisicho na shimo hata moja. Emérence aliliona hilo alipoisoma mara ya kwanza. Aliliona, akafurahi kwamba mwanafunzi wake amepiga hatua, wala hakujiuliza zaidi.

Kesho yake alimwita. Walikaa kwenye chumba kidogo cha walimu, mlango wazi.

"Fikiri, mémoire yako aliiandika nani?"

Fikiri hakushtuka. Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali la kawaida la darasani.

"Ni mimi, Madame. Na simu."

"Simu namna gani?"

"Nilikwenda Bunyakiri miezi miwili na nusu. Nilizungumza na bamaman bale banaokamulisha mawese kwenye vinu. Niliandika yote mu cahier. Nyuma, niliandika sura kwa Kiswahili, mu simu, moja nyuma ya ingine. Njo nikaambia ile programu: geuza mu Kifaransa cha université. Ikageuza." Kisha akaongeza, "Mawazo iko yangu, Madame. Kifaransa njo haiko yangu."

Emérence alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kwa uongo alikuwa na maneno tayari.

"Na hukuona kama ni vibaya?"

"Niliwaza kukuuliza. Lakini mwezi wa kumi na moja, Ghislaine alikuuliza mu darasa kama tunaweza kutumia IA, hizi programu za simu. Ulisema: muitumie kwa akili." Fikiri aliangalia mikono yake. "Nilijaribu kuitumia kwa akili."

Ni kweli alisema hivyo. Alikumbuka hata darasa lilivyocheka. Alikuwa na haraka siku ile, hakuwa na jibu, na maneno yale yalisikika kama jibu. Sasa yalimrudia mbele ya macho yake, na hakujua kama Fikiri alimvunjia amri au alimtii kabisa.

Jambo jingine nalo lilimjia bila kuitwa. Zamani, yeye mwenyewe alipokuwa akihitimu, kaka yake Xavier, ambaye ni padri, aliichukua kazi yake siku nne na kuirudisha ikiwa imenyooshwa. Hitimisho lote lilikuwa la Xavier. Jopo lilisifu hitimisho. Emérence alisimama pale, akasema asante, akapewa alama ya juu, distinction yake, na kwa miaka yote hii hakuona kama kuna kitu cha kuulizana. Kaka ni kaka. Lakini sasa alijiuliza: tofauti iko wapi? Kwamba Xavier ana damu? Kwamba Xavier alikuwa mmoja, na simu iko mfukoni mwa kila mtu?

"Nenda," alimwambia Fikiri. "Kesho uniletee cahier zote, na hiyo Kiswahili yako ya mu simu."

Fikiri alisimama lakini hakuondoka.

"Madame, kuko kitu kingine. Sijui kama ni wakati muzuri."

"Sema."

"Ile kitabu ya page arobaini na moja ya cours yako. Mtafiti Aliyeketi, ya Delcourt-Mwenyemali. Nilitaka kukitumia mu sura ya pili. Nilikitafuta kwa Papa Almasi, mu bibliothèque. Tulikitafuta siku tatu. Hakikuonekana. Papa Almasi aliandikia rafiki yake wa Lubumbashi, huko pia hapana. Nilikiacha tu, sikukitaja. Labda mi njo sijui kutafuta."

"Nitakutafutia," alisema Emérence, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama inatoka chumba cha pili.

Alijua vizuri ukurasa wa arobaini na moja ulikotoka.

Ilikuwa mwezi wa kumi wa mwaka uliotangulia. Taasisi ilitaka kila mwalimu aandike upya kozi yake kulingana na mfumo mpya wa masomo, kwa majuma mawili, na katika majuma hayohayo mama yake alikuwa amelazwa. Emérence aliandika kando ya kitanda cha hospitali, karatasi juu ya magoti. Fanny, aliyemletea chakula, alimwonea huruma, akamwonyesha programu kwenye simu yake: uliza tu, shangazi, itakujibu. Akaiuliza vitabu juu ya utafiti wa mdomo katika Afrika. Ikampa vinane, kila kimoja na mwandishi, mwaka na mji kilikochapishwa. Vitano alivijua. Vitatu hakuvijua, na badala ya kuvishuku alijishuku mwenyewe. Alijiona mwalimu wa Bukavu aliyeachwa nyuma na dunia, asiyepata vitabu vipya. Akavinakili vyote. Cha Delcourt-Mwenyemali kilimpendeza zaidi, kwa kuwa programu ilimweleza kwa ufupi kinachosema: kwamba mtafiti anayeuliza amesimama hupewa majibu ya wageni, na anayeketi hupewa majibu ya watu wa nyumbani. Emérence aliipenda hoja hiyo. Aliifundisha vipindi viwili. Aliitungia swali la mtihani.

Sasa alipanda ngazi za maktaba akijiambia kwamba pengine kitabu kipo, ila ni adimu. Vitabu adimu viko vingi.

Papa Almasi, mtunza maktaba, alikuwa mtu wa Uvira, wa moja ya familia zile za Waislamu wafanyabiashara, lakini yeye biashara ilimshinda akajiona ana mkono wa vitabu. Alizidi miaka sitini. Alimkaribisha kwa adabu yake ya siku zote, akavuta daftari kubwa kabla hata hajaulizwa.

"Nilikuwa nataka kuja kukuona, maman," alisema. "Nikaona haya."

"Haya ya nini, Papa Almasi?"

Akageuza daftari upande wa Emérence. Kulikuwa na majina ya wanafunzi kumi na tisa, tangu mwezi wa kumi na mbili, wote wameomba kitabu kimoja. Mbele ya kila jina, kwa mwandiko wake mzuri, Almasi alikuwa ameandika neno lilelile: kimepotea.

"Vile ulikifundisha, nilijua tulikuwa nacho," alisema. "Kumbuka mvua ile iliyotoboa paa, tulipohamisha masanduku. Nilifungua masanduku yote upya. Kimepotelea mu mikono yangu. Niliandikia direction, wakubwa wetu wa maktaba, barua kwamba ni mimi. Na banafunzi nawaomba msamaha, mumoja mumoja."

Emérence alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa mfupi, ungetosha kwa pumzi moja. Lakini Almasi alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu anayengoja kukaripiwa, na mbele ya macho yale Emérence alitamka kitu ambacho hakuwahi kufikiri angekitamka.

"Labda kiko kwangu nyumbani. Nitaangalia."

Uso wa Almasi ulifunguka. "Mungu akusaidie, maman. Utakuwa umenitua muzigo."

Alirudi Muhumba. Nyumbani alivuta lile rundo la karatasi za mtihani wa mwezi wa pili, akatafuta swali lake. Alitaka kuona tu wanafunzi walivyojibu. Alichokiona kilimfanya aketi sakafuni.

Wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wametaja maneno ya Delcourt-Mwenyemali neno kwa neno. Mmoja alitaja ukurasa wa sitini na tatu. Mwingine ukurasa wa mia moja na nane. Mmoja aliandika kwamba mwandishi alizaliwa Kabare na kufariki uzeeni huko Ubelgiji. Walikuwa wamejiandaa nyumbani kwa kuiuliza simu, na simu haikuwanyima. Wote kumi na mmoja Emérence aliwapa maksi nzuri, kwa kalamu yake mwenyewe. Pembeni pa mmoja aliandika: "Umesoma vizuri."

Karatasi ya Fikiri ilikuwa na mistari miwili chini ya swali lile. Aliandika kwamba kitabu hakukipata, kwa hiyo hawezi kusema kilichomo, anajua tu alichosikia darasani. Emérence alimpa mbili juu ya kumi.

Alizipanga zile karatasi, kisha akazipangua, kisha akazipanga tena. Kumi na mmoja walidanganya, lakini walidanganya juu ya kitu alichowadanganya yeye, bila kujua kwamba anawadanganya. Na aliyesema kweli alipewa mbili. Na huyohuyo aliyesema kweli ndiye anayeshtakiwa kwamba kazi si yake. Alijaribu kuyafuata mambo haya kama anavyowafundisha wanafunzi, kutoka chanzo hadi tokeo, na kila alipofika mwisho alijikuta yuko mwanzo.

Mama yake alimuuliza kutoka chumbani, "Nabintu, unatafuta nini huko chini?"

"Sijui, mama," alisema, na ulikuwa ukweli mtupu.

Siku iliyofuata Fikiri alileta madaftari matano yaliyonuka mawese, na simu yake. Emérence alifunga mlango safari hii, akasema wataongea kwa Kiswahili tu, na hatamwuliza chochote juu ya karatasi iliyochapwa. Amweleze alichokiona.

Fikiri akaeleza. Alieleza saa nzima bila kuangalia daftari. Alieleza jinsi wanawake wanavyoteremka na ngazi, yale matunda ya mchikichi, vikapuni, namna wanavyopanga foleni kwenye kinu, jinsi mwenye kinu anavyojibakizia bidoni moja, yaani dumu la mafuta, kwa kila tano. Alimtaja Malaika, mwanamke aliyekataa kuzungumza naye majuma matatu, mpaka siku alipomkuta akisukuma kikapu peke yake akamsaidia. Alijua nani ni mke wa nani, nani alihamia kutoka wapi. Emérence aliuliza maswali ya kumnasa, na hakunasika. Kama mtu huyu hakuifanya kazi hii, basi hakuna aliyewahi kufanya kazi.

Hapo moyo wake ulitulia kidogo. Akafungua mémoire ili alinganishe sehemu moja tu, kwa ajili ya ripoti. Aliichagua sura ya tatu, penye habari ya ile bidoni ya tano.

Kwenye daftari kulikuwa na maneno ya Malaika, kama alivyoyasema: "Tunaacha moja, juu tukikataa, ngazi zitaoza."

Kwenye simu, Kiswahili cha Fikiri kilisema: wanawake wanaacha bidoni moja, wamebanwa, hawana namna.

Na kwenye mémoire, kwa Kifaransa kile laini, iliandikwa kwamba wanawake "adhèrent" kwa kanuni ya ugawaji, katika roho ya mshikamano wa kijamii.

Emérence alisoma mara tatu. "Fikiri, hapa umeandika nini?"

"Ni ile ile, Madame. Hawana namna."

"Adhérer maana yake nini?"

"Si ni kunata? Kama kole, ile gundi." Fikiri alishika viganja vyake pamoja. "Niliposoma nilisema, ndiyo, hapa programu imenielewa vizuri. Bamenata. Habawezi kutoka."

"Hapana. Adhérer ya namna hii ni kukubali. Kwa hiari. Kama mtu anavyojiunga na chama."

Fikiri aliachanisha viganja vyake. Kisha akaomba ile karatasi, akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata mstari.

"Basi nimebasemea uongo," alisema taratibu. "Niliketi nao miezi miwili na nusu. Malaika aliniambia, usiende kutusema vibaya huko Bukavu. Na mimi nimeandika kama wanafurahi."

Walipitia sura nzima. Pahali pengine programu ilikuwa imemwandikia vizuri kuliko ambavyo Emérence angeweza. Pahali pengine, pasipo alama yoyote ya kuonya, ilikuwa imelainisha neno chungu, kwa upole, kama mtu anayetia sukari chakula cha mwenzake bila kumwuliza. Hesabu yao ilifika sehemu saba. Emérence aliyekuja kutafuta kama kazi ni ya Fikiri au si yake, sasa alikuwa na majibu yote mawili mkononi, na yote yalikuwa ya kweli. Alipaswa kumkasirikia, akashindwa. Alipaswa kumtetea, lakini kwa neno gani?

"Madame," aliuliza Fikiri, "sasa mimi niko mwizi ao niko mujinga?"

"Sijui bado," alijibu. "Na mimi mwenyewe sijui niko nini." Kisha, kabla hajabadili nia, akamwambia habari ya page arobaini na moja. Fikiri alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala hakulaumu. Alisema tu, "Papa Almasi ameteseka na ile kitabu."

Neno hilo ndilo lililomfanya aende.

Alimkuta Almasi akifuta vumbi. Alipomwona mikono mitupu, mzee akaanza kumfariji mapema: si kitu, maman, vitabu hupotea. Emérence akamkatiza, akamwambia yote, wima, bila kuketi. Almasi alimsikiliza hadi mwisho, kitambaa mkononi.

"Hakikupotea," alisema.

"Hakikupotea, Papa Almasi. Hakikuwapo."

"Na jana ulisema labda kiko nyumbani."

"Nilisema uongo. Niliona haya."

Mzee alikunja kitambaa, akakiweka kando. Emérence alingoja amlaumu, lakini Almasi alivuta daftari, akatafuta kalamu, akaanza kukata lile neno, mstari kwa mstari, mara kumi na tisa. Hakuharakisha. Alipomaliza aliuliza aandike nini mahali pake, maana safu haiwezi kubaki tupu. Mwishowe aliandika tarehe ya siku ile na jina la Emérence, akamtaka atie sahihi. Akatia. Alipokuwa akitoka, mzee alimwambia, bila kumwangalia, "Ile barua niliyoandika kwa direction, ukaifute wewe." Hiyo ndiyo hasira pekee aliyoionyesha, na Emérence aliibeba siku nyingi.

Darasani alizungumza Alhamisi. Aliwaambia wanafunzi wakate kwa mstari vitabu viwili vya page arobaini na moja na kimoja cha page arobaini na mbili, vile vitatu ambavyo hakuvijua na ambavyo havikuonekana popote. Aliwaeleza kwa nini. Alitaja hospitali, kisha akajuta kuitaja, kwa kuwa ilisikika kama kisingizio. Wanafunzi walimwangalia tu, kama watu waliokuta daraja walilozoea limehamishwa.

Ghislaine aliinua mkono. "Madame, sasa points zetu za mwezi wa pili?"

"Swali lile nitalitoa kwa wote."

"Na bale baliotaja ma-page?"

Emérence aliwatazama. Wale kumi na mmoja aliwajua kwa majina. Mmoja alikuwa akiandika kitu ambacho hakikuhitaji kuandikwa. "Bale," alisema, "bajiulize walisoma wapi. Mimi sina uso wa kuwauliza."

Baada ya kipindi wawili kati yao walimfuata nje kuungama. Tisa hawakuja. Hakujua kama wale wawili ndio waaminifu zaidi, au ndio waoga zaidi.

Ijumaa alimpelekea Profesa Hervé ripoti ya kurasa mbili. Profesa aliisoma yote, kisha akairudia, akaitupa mezani.

"Nilikuomba ndiyo ao hapana."

"Hakuna, Professeur. Nimetafuta."

"Na hii ya kitabu, ilikuwa lazima iambiwe darasa? Ungekuja kwangu kwanza. Tungesahihisha kozi polepole, hakuna mutu angejua."

"Papa Almasi angejua kwamba amekipoteza."

Profesa Hervé alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye idara ya kulinda. Alimwandikia barua ya kumtaka ajieleze, kama sheria inavyodai, na Emérence alijieleza, na barua zote mbili zikaingia kwenye faili lake. Fikiri naye alisogezwa hadi kikao cha pili. Alitakiwa kuandika upya sura ya tatu na kuweka ukurasa mwanzoni, unaosema ni wapi alitumia programu na kwa kazi gani. Msomaji wa pili aliona ni adhabu ndogo mno. Fikiri aliona ni kubwa. Emérence aliitwa na kila mmoja akubaliane naye, na kila mmoja alipoongea, Emérence aliona huyo ana haki.

Mwezi wa tisa Fikiri alitetea. Kifaransa chake kilirudi na mashimo yake. Alipofika kwenye maneno ya wanawake, aliyasoma kwanza kama walivyoyasema, kisha akayafasiri mwenyewe, akisimama mara nyingi kutafuta neno. Mmoja wa majaji alipiga miayo. Walimpa kumi na tatu juu ya ishirini. Katika kikao hichohicho kazi nyingine, laini kama kioo, ilipata kumi na sita, na Emérence, aliyekuwa joponi, aliinua mkono pamoja na wenzake, kwa sababu hakuwa na ushahidi wowote isipokuwa ulaini wenyewe, na ulaini si kosa.

Aliombwa pia aandike kanuni ya idara juu ya matumizi ya akili bandia. Aliandika kwamba kila atakayeitumia aseme, mwalimu na mwanafunzi vilevile. Aliandika kwamba kitabu kisichoshikwa na mkono wala kuonekana na jicho kisitajwe. Aliandika kwamba maneno ya mtu aliyehojiwa yahifadhiwe kama alivyoyasema. Ibara ya nne ilihusu wale ambao Kifaransa ni mlima kwao. Aliiandika mara sita, akaifuta mara sita, na kanuni ikapelekwa ikiwa na ibara tatu.

Majuma machache baadaye, Jumamosi asubuhi, Fikiri alimpigia simu. Alikuwa amerudi Bunyakiri, amewasomea wanawake wa kinu sura ya tatu, ile mpya, aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe bila msaada wa chochote. Nyuma yake Emérence alisikia injini na sauti nyingi.

"Madame, kuko tatizo. Malaika anasema hata hii pia haiko vile alisema."

"Lakini si maneno yake? Si yako mu cahier?"

"Yako. Anasema maneno ni yake, lakini siku ile alikuwa anaongea juu ya mwenye kinu wa zamani. Huyu wa sasa ni shemeji yake. Anasema nimemugombanisha na famille." Fikiri alipaza sauti juu ya injini. "Sasa niandike nini?"

Emérence alikuwa jikoni Muhumba, anachambua majani ya sombe na mama yake. Alifuta mikono. Alitafuta karatasi, akaipata nyuma ya kalenda, na peni ya Fanny.

"Yeye iko hapo?"

"Iko hapa mbele yangu. Amekasirika."

"Mpatie simu."

Palikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi ya mtu, kisha sauti ya mwanamke ikaanza moja kwa moja, bila salamu, kwa Kitembo, kwa kasi. Emérence, ambaye Mashi, lugha ya kwao, ilimsaidia kushika neno moja kati ya manne, alisubiri apumue.

"Maman Malaika," alisema, "polepole. Anza tena. Naandika."